Unga Mweupe Chini ya Embe

Githongo, Ijumaa alasiri

Gatwiri,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko jikoni na wanawake wa jirani, kwa hivyo nina kama saa mbili za kukaa mezani peke yangu. Ni ajabu kumwandikia mtu nitakayemwona jioni hii hii. Lakini nimejaribu kukwambia kwa mdomo tangu Jumanne, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umefunga sanduku.

Mambo ya sanduku nayaacha. Mama yako amekueleza juu ya joto la Lodwar, maji ya kunywa, chandarua na viatu vya kufundishia, na anayajua hayo kuliko mimi. Mimi nataka kukueleza jambo nililolifanya ulipokuwa na miaka sita. Nimeligundua wiki mbili zilizopita. Nilimshtaki dada yangu kwamba alikutilia sumu. Hakukutilia. Aliyekulisha sumu ni mimi, kwa mikono yangu, na niliandika kila kitu kwenye daftari langu la siku bila kuelewa ninaandika nini.

Kesho saa tatu asubuhi, kabla hujaondoka, nitasema hivyo mbele ya watu. Sikutaka wewe ulisikie kwanza pamoja nao.

Nadhani unamjua shangazi yako Kagendo kwa mambo mawili tu. Kwamba anaishi mbali, Kibugu, kwenye majani chai. Na kwamba akija kwenye harusi au matanga huonja chakula mbele ya watu wote kabla ya kumpakulia yeyote. Ulipokuwa darasa la nne uliniuliza kwa nini shangazi anakula kabla ya wageni. Nikakujibu kwamba ni heshima ya zamani. Si uongo kamili. Zamani mwenye kumpa mgeni kibuyu cha uji alionja yeye kwanza, ili mgeni aone hakuna ubaya ndani. Lakini Kagendo hakuyapata hayo kwa nyanya yako. Alilazimishwa, na aliyemlazimisha ni mimi, kwenye sebule hii ninamoandikia.

Miaka hiyo nilikuwa karani wa kiwanda cha kahawa. Kiwanda kilibadilisha waya kwenye meza za kuanikia, na wafanyakazi tukaruhusiwa kubeba ile ya zamani. Wengine walijengea mabanda ya kuku. Mimi nilikuwa na wazo langu. Mjomba wa mama yako alikuwa na maembe huko chini Mbeere, na kila Februari yalioza mengi kuliko yaliyouzwa. Nikasema, sisi tunaokausha kahawa ya tarafa nzima, embe litatushinda nini? Tungekula embe hata Julai, wakati wa ukungu na baridi, wakati hakuna tunda la maana sokoni. Hivyo ndivyo mtu wa kahawa anavyofikiri. Kwake kila kitu kinachokauka ni kahawa.

Nilitengeneza meza nne. Nilikata maembe vipande vyembamba na kuviloweka usiku kucha ndani ya karai la bati, kwenye maji ya ndimu, ili visigeuke vyeusi. Asubuhi nikavianika juu ya ile waya. Viligeuzwa kila saa kama tugeuzavyo kahawa, na jioni vikafunikwa. Siku ya tatu au ya nne nilikunja kipande kimoja. Kikikunjika bila kutoa maji na bila kuvunjika, nilijua kinafaa kuwekwa. Nilijaza makopo matano matupu ya maziwa ya unga, nikabandika tarehe juu ya kila kopo. Nilijiona mtu wa maendeleo.

Sasa nakunakilia kama ilivyo kwenye daftari. "14 Februari. Maembe ya meza ya pili yametoa unga mweupe upande wa chini, yanaposhikana na waya. Ni sukari inatoka. Dalili nzuri." Mstari unaofuata: "Gatwiri ameonja. Anasema yana ladha ya shilingi. Tumecheka sana."

Tulicheka kwa sababu enzi hizo ulikuwa huachi kuweka sarafu mdomoni. Mtoto wa miaka sita aliniambia ukweli mtupu, nikauandika, na nikaweka nukta.

Jumamosi iliyofuata mlikula embe hilo wewe na nyanya yako. Nyanya hakuwa na meno, kwa hivyo vipande viliwekwa kwenye maji ya moto vilainike, mkala bakuli moja. Kisha Kagendo akawapa uji wa wimbi. Nusu saa haikwisha. Wewe ulitapika mpaka ukawa unatoa maji ya kijani, na nyanya akaanguka akielekea mlangoni. Nilikubeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi aliniuliza mlikula nini. Nikasema, "Uji." Embe sikulitaja. Si kwamba nilificha, halikunijia kichwani kabisa. Embe halikuwa chakula, lilikuwa kazi yangu, na kazi yangu sikuizoea kuishuku.

Kuna jambo jingine lazima ulijue, kwa sababu bila hilo hutaelewa jinsi nilivyofika upesi kwenye jina la Kagendo. Ndoa yake ilikuwa imevunjika na alikuwa amerudi nyumbani. Wiki mbili kabla ya ugonjwa wenu aliniomba robo eka ya kahawa kutoka shamba la baba yetu. Nilimwambia binti akishaolewa amekwisha kugawiwa. Hata hivyo aliendelea kukulea wewe, mama yako akiwa shuleni alikofundisha na mimi kiwandani. Kwa hivyo mlipotapika, sababu ilikuwa tayari imeiva kichwani mwangu. Nilihitaji tu mtu anipe ruhusa ya kuisema.

Niliita kikao. Alikuja Mzee Mwirigi, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa kanisa, na baba mdogo, na majirani wanne au watano. Mzee Mwirigi ndiye aliyeuliza.

"Kagendo, hapo kwa uji ulitia nini?"

"Unga, maji na sukari kidogo. Hata maziwa hakukuwa."

"Na mbona wewe hukutapika?"

"Mzee, kwani kutapika ni zamu? Nililamba sufuria nzima, mniulize kama ilibaki."

Wanawake waliokaa karibu na mlango walicheka. Mimi kicheko hicho kilinikera. Nikasimama nikasema kwamba mtu asiye na neno moyoni hatakataa kuonja mbele yetu, leo na siku zote. Hakuna aliyenipinga. Ikakubaliwa kwamba Kagendo asimpe mtu chakula katika boma hili kabla hajaonja mwenyewe akionekana. Alimtazama mama yetu. Mama akaangalia vidole vyake.

Pasaka ukaugua tena, safari hii peke yako. Hapa ndipo nilipokwama wiki mbili zilizopita, nikasoma ukurasa huo nikasimama, nikakaa, nikausoma tena. Juu nimeandika: "Asubuhi nimefungua kopo la tatu la maembe. Gatwiri amekula kiganja kizima." Vidole vinne chini yake, kwa wino ule ule: "Kagendo ameonja uji mbele yangu. Baada ya muda mfupi Gatwiri ametapika. Kagendo hana kitu. Ajabu." Neno ajabu nimelipigia mstari.

Vidole vinne, Gatwiri. Yeyote aliyemaliza darasa la tatu angeunganisha mistari hiyo miwili. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, nilikuwa napima kahawa ya watu na kukamata kosa la kilo moja. Lakini nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilisema kama ameonja na hakuugua, basi ana dawa ya kujikinga. Uone jinsi akili inavyofanya kazi ikishapewa jibu. Kuonja ndiko nilikomwagiza ajisafishe nako, na alipojisafisha nikageuza kuonja huko kuwa ushahidi.

Kagendo aliondoka wiki hiyo hiyo na mfuko mmoja. Hukuugua tena. Nilisema mnaona? Watu wakasema tumeona. Sikujiuliza ni nani alikuwa akigeuza yale maembe kila saa wakati mimi niko kiwandani. Ni yeye. Alipoondoka hapakuwa na wa kuyageuza, nikaacha kukausha. Makopo yaliyobaki yaliingiwa na sisimizi, nikayamwaga shimoni. Sumu iliisha siku aliyoondoka kwa sababu mfanyakazi wangu ndiye aliyeondoka.

Nimeyajuaje haya leo? Kwa ajili yako. Ulipopata barua ya kazi ya Lodwar nilifikiri, huko matunda ni adimu, acha nimkaushie mtoto wangu maembe ya kuanzia maisha. Waya ilikuwa bado darini. Nikasikia afisa wa kilimo anafundisha kikundi cha wanawake kukausha matunda, kwenye ukumbi wa kanisa, nikaenda na meza yangu moja ya zamani ili niwaonyeshe kwamba wengine tulianza mapema. Ni msichana mdogo, wa umri wako. Aliishika ile meza akaigeuza.

"Mzee, hii waya ulitoa wapi?"

"Ni ya kahawa. Imara sana hiyo, haishiki kutu."

"Si ndiyo shida. Haishiki kutu kwa sababu imepakwa zinki. Na embe uliloweka ndani ya nini?"

"Ndimu. Kwa karai."

"Karai ya plastiki?"

"Ya bati."

Aliweka meza chini polepole. "Haki mzee, ulikula?"

Wanawake walianza kunicheka. Mmoja akasema, "Karani alikuja kufundisha, sasa amerudishwa darasa la nasari!" Nikacheka nao. Yule msichana hakucheka. Alieleza kwamba kahawa ina ganda, waya haiigusi mbegu, lakini tunda chachu, tena lililolowekwa kwenye ndimu, linakula ile zinki na kuibeba. Linaacha unga mweupe. Linakuwa na ladha ya chuma. Mtu akila ya kutosha anatapika ndani ya saa moja, hasa mtoto na mzee.

Aliposema unga mweupe, niliacha kusikia. Niliona midomo yake inasonga tu. Nilitoka bila kuaga na meza nikaiacha pale.

Nyumbani nilishusha madaftari yote ya mwaka ule. Nilimsomea mama yako. Alisikiliza mpaka mwisho akasema neno moja, "Nyanya." Kwa sababu nyanya yako alikufa akiamini. Katika ugonjwa wake Kagendo alikuja akakaa siku tisa. Alimwogesha, akambadilishia shuka, akamgeuza usiku. Lakini kijiko tulimpa jirani. Mama yangu alilishwa na jirani huku binti yake amesimama na beseni, na ni mimi nilitoa agizo hilo, nikiwa na hakika kwamba ninamlinda.

Jumatatu nilikwambia nakwenda Embu kwa shughuli za kahawa. Nilikwenda Kibugu. Nilimkuta Kagendo akichuma chai. Aliponiona hakuacha kuchuma.

"Baba Gatwiri. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi ngoja nimalize kikapu. Gari la chai halijui shemeji wala kaka."

Nilingoja. Alipotoka kupimisha tulikaa nje ya nyumba yake, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye debe lililopinduliwa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani tangu gari lipite Chuka, yakatoweka. Nikafungua daftari nikasoma tu, tarehe kwa tarehe. Unga mweupe. Ladha ya shilingi. Kopo la tatu. Nilipofika kwenye ajabu akanishika mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kwa hivyo ni embe," akasema.

"Ni embe. Na karai, na ile waya."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Kisha akaniuliza, "Unajua Mwende nilimwanzisha uji namna gani?" Mwende ni binti yake, ana miaka kumi na miwili. Nikasema sijui.

"Nilimwita jirani amlishe. Uji wa kwanza wa mtoto wangu, nilisimama mlangoni nikatazama. Nilisema labda ni kweli. Labda niko na mkono mbaya na mimi mwenyewe sijui. Mpaka leo nikimpikia naonja, nangoja kidogo, ndiyo nampa. Yeye anafikiri naangalia chumvi."

Gatwiri, nimefikiria sana mambo ambayo angeweza kunitupia. Nilikuwa tayari kwa matusi. Nilikuwa tayari anifukuze. Kwa miaka kumi na saba nilijua kwamba ananichukia, na chuki hiyo niliichukua kama dalili kwamba ana hatia. Kumbe hakunichukia. Aliniamini. Mimi ni kaka yake mkubwa, niliyesoma, ninayeandika mambo yote kwenye daftari, na niliposema ana mkono mbaya alikwenda kuishi na mkono huo. Hili sikulitegemea, na bado silielewi. Nimekaa nalo siku nne na kila nikilishika linaniunguza upya.

Nilimwomba msamaha. Akaniuliza, "Hapa?"

"Ndiyo, hapa."

"Ulinianika mbele ya watu, halafu unakuja kunianua huku nyuma ya nyumba tuko wawili? Na kuku?"

Nikamtajia ile robo eka ya kahawa, kwamba nimekwisha zungumza na mama yako na ni yake. Akatikisa kichwa. "Jina kwanza. Kahawa itangoja, imezoea."

Kwa hivyo nimewaita. Wanafikiri wanakuja kukuombea safari njema, na watakuombea, lakini kwanza watanisikiliza. Baba mdogo hayuko tena, na nyanya hayuko, na hao wawili ndio niliotaka wasikie kuliko wote. Mzee Mwirigi yuko na atakuja, mwanawe atamleta. Kagendo atafika na Mwende leo kabla ya giza. Utamwona binamu yako. Mna sura moja, utashtuka.

Maembe niliyokufungia ni mapya. Nimeyakausha juu ya wavu wa plastiki na mikeka ya mianzi, nikayaloweka kwenye beseni la plastiki, na sasa yako kwenye chupa za kioo. Kila siku kwa wiki nzima nilizitikisa nikatazama kama mvuke umeshika chini ya kifuniko, maana ukishika, tunda halijakauka na litaota ukungu. Mvuke ulishika kwenye chupa mbili tu, nikayarudisha maembe yake juani. Mama yako amekula, mimi nimekula, na yule afisa nilimpelekea akayakagua. Ukipenda yaache. Sitakuuliza kama umeyala. Siwezi kukudai uamini kitu kilichotoka mikononi mwangu kwa sababu tu ni mimi nimekipa.

Ningependa kukuachia funzo, na nimelitafuta, lakini nilicho nacho ni hiki kidogo. Nimeandika kila siku ya maisha yangu tangu nimalize shule. Nilidhani kuandika ni kuona. Mambo yote yalikuwa pale, na tarehe, na mwandiko mzuri, na hakuna hata siku moja niliyorudi kuyasoma kama mtu anayeweza kuwa amekosea. Utakuwa mwalimu. Watoto watakwambia vitu kama ladha ya shilingi. Mimi nilicheka.

Unaweza kuwa na hasira nami. Utakuwa na haki, maana nilikunyima shangazi aliyekulea, na nilikufundisha kumtazama akionja ukidhani ni adabu. Kama kesho utataka kuondoka bila kunipa mkono, sitamwambia mtu ni kwa nini. Lakini nakuomba kitu kimoja cha saa tatu asubuhi.

Mzee Mwirigi masikio yake yamekufa. Itabidi niseme kwa sauti kubwa, na huenda akaniambia nirudie, na sijawahi kusema jambo kama hili hata kwa sauti ndogo. Nakujua tabia yako. Mtu akikwama katikati ya maneno, unamhurumia, unamalizia sentensi yake. Umenifanyia hivyo mara nyingi na nimeshukuru.

Kesho nikikwama, usinimalizie.

Baba yako